Zamu ya Sauna ya Jumamosi

Kuhmo, 10 Septemba 1995

Dada yangu Outi,

Hujambo huko Oulu? Huku sote wazima. Viazi vimekwisha kuvunwa na kucha zangu bado nyeusi, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi hii ujue ni udongo, si uzembe. Mbwa ameanza kukoroma. Mgongo unamsumbua Raija tangu wiki ya viazi, lakini ukimwambia aketi anakutazama kama umemtukana. Kauko amepaka rangi banda la boti na kiatu chake kimoja. Mimi nimeingia darasa la nane. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua nzuri hailirukii jambo kubwa, inalisogelea taratibu kama mtu anayemsogelea ndege. Nadhani nimeshasogea vya kutosha.

Ijumaa alikuja Bi Kaarina wa ustawi wa jamii. Alikunywa kahawa, akala mkate mtamu, kisha akaniambia, "Heli, dada yako ametoka kwenye makao ya watoto. Ametimiza miaka kumi na minane, amepewa nyumba yake mwenyewe, na kuna kocha anayemfundisha kuishi peke yake."

Nikamuuliza kama naweza kuja kulala kwako likizo ya skii, ile ya kuteleza thelujini, mwezi wa tatu. Sisi wawili hatujalala chini ya paa moja tangu nilipokuwa na miaka tisa, uliponiacha hapa kwa Raija na Kauko wanilee, wewe ukapelekwa makao. Bi Kaarina akakuna kidevu. "Hilo si langu wala si la Raija," akasema. "Nyumba ni ya Outi. Akikualika yeye, mimi nitatia sahihi."

Umesikia, Dada? Ni wewe tu. Sina haraka, Machi iko mbali. Lakini ningependa kujua mapema ili nianze kufurahi kwa utaratibu.

Naandika kwa sababu huna simu, na yetu iko ukumbini. Nikiishika, kila mtu ndani ya nyumba anaacha kutafuna. Raija anakusalimu.

Mdogo wako,
Heli


Kuhmo, 8 Oktoba 1995

Dada yangu Outi,

Natumaini hii itakukuta, na itakukuta mzima. Ile ya kwanza imerudi, ikiwa na muhuri kwamba mlangoni hakuna mtu wa jina hilo. Kauko anasema wa posta wanasoma jina lililo mlangoni, na wasipoliona hawatumbukizi kitu. Siku ile sikuweza kumtazama mwanamke wa posta usoni. Ilikuwa kama ameniona nikisalimia mtu asiyeitikia.

Nimeitia barua ileile ndani ya hii, sijaifungua, na ninaipeleka ofisini kwa kocha wako. Bi Kaarina ndiye aliyenipa anwani.

Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne, ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Raija ameniambia nikutumie soksi alizofuma. Nilisema nitatuma nikishajua kama unapokea barua.

Unaishi pale kweli, Dada?

Heli


Oulu, 29 Oktoba 1995

Heli mdogo wangu,

Naishi. Barua zako zimefika zote mbili, moja tumboni mwa nyingine. Mimi mzima, nyumba nzima, mvua haikati. Mwambie Kauko namsalimu, na mbwa pia. Soksi ninazo.

Jina mlangoni hawajaweka bado. Wakija kuliweka utajua.

Unataka kujua kocha anafundisha nini. Anaitwa Pirkko. Kila mtu anamwita kocha, ingawa hajapiga mpira maishani mwake. Ana magoti mabovu na gari linalonuka mbwa. Anakuja kila Jumatano. Tumepika makaroni ya kuoka na nyama ya kusaga. "Outi," ananiambia, "kitunguu hakijakukosea kitu, mbona unakiua?" Tumejifunza kuandikisha zamu ya kufulia, kumpigia daktari bila kuomba radhi kwa kuumwa, na kupekenyua bomba la sinki linapoziba. Anasema mimi ndiye mwanafunzi wake bora, kwa sababu sina maswali.

Jengo lina sauna ya kuogea mvuke chini ya ardhi, na kila nyumba ina zamu yake. Yangu ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni, saa nzima, peke yangu. Makao tuliingia sita sita, na mlezi mwenye ufunguo akitugongea mlango tutoke. Sasa hakuna wa kunigongea. Nashuka kila Jumamosi. Ni raha tupu.

Jambo moja. Kwenye barua yako ya kwanza, pale pa salamu za Raija, kuna neno umelikata kabla ya jina lake. Nililiinua kwenye taa. Uliandika "Mama."

Si lazima unieleze.

Outi


Kuhmo, 12 Novemba 1995

Dada yangu Outi,

Hatujambo. Ziwa limeganda ukingoni. Kauko ametoa skii darini na kuzipaka lami na nta mapema kuliko mwaka wowote, na anatembea nyumbani ananuka lami.

Barua yako niliisomea chooni shuleni, kwa sababu nilijua kuna kitu ndani yake kitakachonibadilisha uso, na sikutaka uso huo uonekane mezani kwetu.

Ni kweli. Namwita Mama. Lilianza msimu uliopita nikiwa na homa. Nilifumbua macho nikalitamka, na Raija akanibadilishia kitambaa cha kichwani. Kesho yake nililirudia makusudi nikiwa mzima, nione kama litaniuma. Halikuniuma. Hilo ndilo linalonitia aibu, Dada, kwamba halikuniuma hata kidogo. Huyu ndiye aliyesema watoto wawili wanamshinda, akabaki na mdogo. Najua. Nala mkate wake, nalala kwenye shuka zake, na nikikuandikia wewe namwita Raija. Nikiinuka kwenye karatasi namwita lile lingine. Sikujua kwamba ningejisikia mwongo pande zote mbili.

Kuhusu Machi hukusema lolote. Labda umesahau, kuna mengi ya kujifunza. Mimi nimeanza kuiota. Naona tumekaa benchi la juu kabisa la sauna yako, wewe unamwagia mawe maji, mvuke unatuunguza masikio, nami silalamiki kama nilivyolalamika nilipokuwa mdogo. Saa nzima, bila mtu wa kugonga. Nilimsimulia Raija, akasema, "Basi chukua taulo lako jipya, usiende kumtia dada yako aibu."

Sasa nimeandika Raija kwa kufikiria. Niandikeje?

Mdogo wako,
Heli


Oulu, 17 Desemba 1995

Heli mdogo wangu,

Usihesabu muda niliokaa kimya, nilikuwa na mafua. Sasa nimepona. Nakutakia Krismasi njema, wewe na watu wa hapo.

Pirkko alinipa mishumaa miwili ya kuweka dirishani Sikukuu ya Uhuru, kama wanavyofanya watu wote. Makao moto wa aina yoyote ulikatazwa, tulikuwa na taa za plastiki. Nikaiweka dirishani, nikasimama nyuma yake na kiberiti mkononi. Ng'ambo ya barabara kila dirisha lilikuwa na mishumaa miwili inayowaka. Yangu ilisimama tu. Baadaye nikajiona mjinga, nikavuta pazia. Jumatano iliyofuata Pirkko aliuliza, "Uliwasha?" Nikasema ndiyo, ilipendeza.

Sijui kwa nini nakuambia wewe.

Sauna bado nzuri.

Kuhusu Machi, kocha hajasema chochote. Akisema, nitakuandikia.

Na kuhusu neno lile, mtoto mwenye homa humwita yule aliyepo. Mimi sikuwepo. Andika unavyotaka.

Outi


Kuhmo, 21 Januari 1996

Dada yangu Outi,

Asante kwa barua ya Krismasi, na natumaini mafua hayajarudi. Huku baridi imefika nyuzi thelathini chini ya sifuri. Moshi wa dohani unapanda wima, na shule iko wazi kwa sababu mwalimu mkuu anakaa karibu. Raija amefanikiwa kuketi, ila ni kwa sababu ameteguka kifundo. Anatuamrisha akiwa kitini, nasi tunatii haraka zaidi kuliko zamani.

Bi Kaarina alikuja tena. Nilimuuliza habari za Machi. Alizungusha kijiko kikombeni muda mrefu.

"Nilimpigia kocha wake," akasema. "Anasema Outi hajaligusa jambo hilo hata siku moja. Labda hayuko tayari. Labda hataki, Heli. Hutokea, wala si kosa la mtu."

Raija alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. Nilisema "Sawa" kwa sauti ya mtu mzima, kisha nikaenda kubeba kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Dada, kama ni kwa ajili ya neno lile, nitaliacha. Naweza. Nililiacha siku mbili, na Raija akaniuliza kama amenikosea nini. Nikasema hapana. Usiku, alipodhani nimelala, nilimsikia akimuuliza Kauko vilevile. Lakini ukisema niliache, nitaliacha moja kwa moja.

Kama si hilo, na hutaki tu nije, niambie nalo nitaelewa. Una maisha mapya, na mimi ni kitu cha maisha ya zamani. Bi Kaarina anafunga karatasi za likizo tarehe kumi na tano Februari.

Sitakuuliza tena. Si kwa hasira. Najisikia kama mtu aliyebisha hodi mara tatu huku akisikia wenyewe wamo ndani.

Heli


Oulu, 11 Februari 1996

Heli mdogo wangu,

Leo sina salamu za kutosha. Wasalimie wote, na nisome mpaka mwisho.

Nilikudanganya. Sijawahi kuingia kwenye sauna ya jengo hili. Hata mara moja.

Jumamosi ya kwanza nilishuka na taulo na shampuu. Mlango umefungwa, na nje yake kuna benchi. Nikaketi kumngoja mwenye ufunguo. Nilingoja mpaka zamu yangu ikaisha, wakashuka wa zamu inayofuata, mama mmoja wa ghorofa ya tatu na binti zake wawili wakubwa. "Umetoka sasa hivi?" akaniuliza. "Mbona nywele kavu?" Nikasema nimeshazikausha. Jumamosi iliyofuata nikaketi tena, nikifikiri labda wiki ile alisahau. Ya tatu yule mama akawahi.

"We binti, unalinda nini hapo? Tumekuajiri?"

"Nangoja kufunguliwa."

"Kufunguliwa na nani?"

"Na mwenye ufunguo."

Akautazama mkono wangu. Nilikuwa nimeushika, Heli. Ufunguo wa nyumba yangu. "Si huo hapo!" akasema. "Huo unafungua kwako, unafungua mlango wa nje, unafungua kufulia, na hapa unafungua. Wewe umekulia wapi?" Binti mmoja akauliza kama nilikuwa nangoja kadi ya mwaliko, na wote watatu wakacheka. Hawakucheka vibaya. Ningependa wangecheka vibaya.

Kule kufulia Pirkko alinifungulia mwenyewe kwa ufunguo wangu siku ya kwanza, ndiyo maana nilijua. Sauna hakunionyesha. Ni nani katika nchi hii anayeonyeshwa sauna? Miaka mitano makao kila mlango ulikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa na mnyororo wa funguo kiunoni. Ukitaka kitu unakaa mahali pa kuonekana, unangoja. Nilikuwa hodari wa kungoja. Walinisifu kwa hilo.

Tangu siku ile sijashuka tena. Kila Jumamosi saa kumi na mbili nafungua bomba la bafuni kwa nguvu, ili majirani wasikie maji na wasiulize. Halafu nakuandikia kwamba ni raha tupu.

Na jina la mlangoni ni hivyohivyo. Nilidhani mtu atakuja. Barua yako ikarudi huku nimekaa ndani.

Hii ya mwisho nilikaa nayo, kisha Jumatano nikiwa garini na Pirkko nikamuuliza, "Naruhusiwa kumwalika mdogo wangu?"

Akasimamisha gari hapohapo, kwenye kituo cha basi.

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani?"

"Outi! Mimi tangu vuli nangoja uniambie anakuja lini. Kaarina alipiga simu, nikamwambia tusimsukume msichana, uamuzi ni wake."

"Na mimi nilikuwa nangoja useme kwamba inawezekana."

Basi likaja nyuma yetu likapiga honi. Pirkko hakusogea. Alivua miwani, na shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. "Nimekufundisha supu ya samaki," akasema. "Nimekufundisha kadi ya kodi. Hili nilidhani mtu huzaliwa nalo." Sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya mbele yangu, Heli. Kawaida mimi ndiye niliyekuwa na kazi hiyo. Basi likapiga honi tena, naye akashusha kioo akapaza sauti, "Subiri, bwana! Watu wako kazini!"

Kwa hiyo, mimi Outi Moilanen nakualika likizo ya skii. Sijui wengine wanaandikaje, ndiyo maana nimeandika hivyo. Jina nimelichora mwenyewe kwenye karatasi nikalibandika mlangoni. Limepinda.

Na lile neno usiliache. Nikisikia umeliacha kwa ajili yangu, nitakuwa nimekunyima kitu ambacho wala si changu.

Dada yako,
Outi

Leo ni tarehe kumi na nne. Barua hii imekaa mfukoni tangu Jumapili. Kama nimechelewa, ni mimi.


Kuhmo, 18 Februari 1996

Dada yangu Outi,

Wote wazima, na kifundo cha Raija kimepona kiasi cha kutosha kumtia matata. Barua yako ilifika Ijumaa, tarehe kumi na sita.

Pale pa benchi nilipasoma mara moja tu, nikakunja karatasi. Pale pa honi nilicheka, unisamehe. Baadaye nikakumbuka kwamba nilikuandikia ndoto zangu za benchi la juu, huku wewe unafungulia maji ili majirani wasikie. Nilitamani kuirudisha barua ile ya Novemba.

Raija nilimwonyesha mstari wa mwaliko tu. Nikamwambia, "Lakini tarehe imepita."

"Tarehe ndiyo nini?" akasema, akaenda ukumbini akichechemea, akampigia Bi Kaarina nyumbani kwake wakati wa chakula. Kauko akaacha kutafuna. Tuliusikia upande mmoja tu.

"Zimeshakwenda? Karatasi zimekwenda wapi, mwezini? Zirudishe." Kimya. "Najua utaratibu, Kaarina. Utaratibu ndio uliowatenganisha, na mimi ndiye niliyeuomba. Si huyu mtoto, wala si dada yake. Andika hilo hapo kwenye karatasi zako." Kimya tena, kirefu. "Siku mbili? Siku mbili zinatosha kuanza."

Alipoweka simu chini alibaki amesimama, anatazama ukuta. Nikamwambia, "Asante, Mama." Mara hii nilitaka usikie, ndiyo maana nimeliandika.

Nakuja Jumamosi tarehe mbili Machi, kwa basi mpaka Kajaani, halafu treni.

Kuna jambo lingine. Jana alikuwa anakanda unga wa mkate mweusi. Akaniuliza bila kunitazama, "Nikimpelekea Outi mkate, ataula?" Nikamwambia akuulize mwenyewe. "Sithubutu," akasema. Alikuwa na unga mpaka viwikoni, na sikujua mtu wa umri wake anaweza kusema neno hilo. Kwa hiyo nauliza mimi. Nije nao?

Mdogo wako,
Heli


Oulu, 23 Februari 1996

Heli,

Njoo nao. Nitakuwa kituoni, nimevaa kofia mbaya.

Outi


Kuhmo, 10 Machi 1996

Dada yangu Outi,

Nilifika salama. Treni ilichelewa, Kauko alikuja kunipokea Kajaani na mbwa, na mbwa alilia kuliko mtu yeyote. Raija alitaka kujua kila kitu, kisha kila nilipoanza kusimulia akatoka chumbani kwenda kutafuta kitu. Nadhani alisikiliza akiwa nyuma ya mlango.

Nakuandikia yale ambayo sikuyasema nikiwa kwako.

Nilipoona jina kwenye mlango nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu hakikuwa na kamba, ulikiona, na hukusema.

Uliposimama mbele ya sauna na ufunguo mkononi, bila kuutia mlangoni, nilitaka kukunyang'anya. Nilijua nikifanya hivyo nitaiharibu. Nikaketi kwenye lile benchi kwa sababu sikujua pa kuweka macho. Ndipo ulipogeuka ukaniambia kwa sauti ya yule mama wa ghorofa ya tatu, "We binti, unalinda nini hapo? Tumekuajiri?"

"Nangoja mwenye ufunguo," nikasema.

"Ndiye mimi," ukasema, ukafungua.

Uliniuliza juu ya benchi kama mvuke umenizidi. Haukunizidi. Nilikuwa nalia, na pale hakuna anayeweza kutofautisha, ndiyo maana sikutaka tushuke hata watu wa zamu iliyofuata walipogonga. Na yule mama alipotuona tunatoka, akasema, "Leo nywele zimelowa!", nikamwona mtu mwema kabisa, ingawa nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumchukia.

Hili la mwisho ni gumu. Jumatatu, treni ilipoondoka, nilihuzunika mpaka daraja la kwanza. Baada ya hapo nilianza kufurahi kwamba narudi kwenye kitanda changu. Wewe ulikuwa bado umesimama kituoni na ile kofia. Nilipofika nikaita "Mama!" tangu mlangoni, na katikati ya neno nikakukumbuka. Aibu haijaisha, Dada. Lakini sasa nikiiona najua inatoka upande gani, na naweza kuifungulia.

Nimesahau taulo langu, lile jipya lenye mistari ya buluu. Ukiweza, nitumie.

Mdogo wako,
Heli


Oulu, 17 Machi 1996

Heli mdogo wangu,

Hujambo, na hao wote hawajambo? Mimi mzima. Barafu ya mtoni imeanza kuwa kijivu.

Niliwapigia simu watu wa jengo nikiwa ofisini kwa Pirkko. Yeye alitoka akasimama nje, eti kwenda kutazama gari. Mwanamume akaniuliza, "Unaishi hapo tangu lini?" Nikasema tangu Agosti. "Na muda wote huo hukusema kitu?" Uso ukaniwaka, nikatamani kukata simu. Nikamwambia, "Sasa nasema." Wamekuja Alhamisi na herufi za kweli. Ile karatasi yangu iliyopinda nimeibandika ndani, juu ya meza.

Jumamosi nilishuka sauna. Nilisimama kidogo mlangoni, bado nasimama. Kisha nikaingia. Sikukaa saa nzima.

Mwambie mama yako mkate ulikuwa mzuri, na kwamba nimeumaliza. Akiwa na jingine la kuuliza, anwani yangu anayo, na jina sasa liko mlangoni.

Taulo lako silitumi. Nimelifua, nimelitundika bafuni kwenye kulabu ya pili, ile iliyokuwa haina kitu. Litakaa hapo. Ukilitaka, njoo ulichukue, wala usingoje kualikwa.

Dada yako,
Outi